Kupamba chumba cha kulia kipendeze bila ya israfu wala deni

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, kila inapokaribia Ramadhani, sikukuu au harusi, majumbani mwetu huanza mazungumzo yale yale. Ukumbi umechakaa, viti vya kulia vimelegea, mapazia yamefifia, na wageni wanakuja. Hapo mambo mawili hutokea, na yote mawili yana madhara. La kwanza, baba au mama hukopa ili anunue seti mpya ya meza na kabati la vyombo, kisha sikukuu hupita na deni hubaki. La pili ni la kimya zaidi: familia huona haya kwa hali ya chumba chao, ikaacha kualika watu. Shangazi hapiti tena kufuturu, jirani haitwi, na watoto wanakua hawajui mgeni anapokewa vipi.

Makala hii inaeleza kwanza sheria inasema nini juu ya kupamba pahala pa kulia, kisha namna ya kukifanya chumba hicho kionekane cha fahari kwa fedha kidogo, kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa visiwani.

Kupamba nyumba si dhambi

Asili ya mapambo ni halali. Katika Suratul-A'raaf, aya ya 31 na ya 32, Allah Ametuamrisha kuchukua mapambo yetu, Akatukataza israfu, kisha Akawakemea wanaoharamisha pambo Alilowatolea waja Wake. Na katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Akabainisha kuwa hicho si kiburi, kwani Allah ni Mzuri na Anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Kwa hivyo mama anayetaka chumba chake cha kulia kipendeze asiambiwe kuwa ameacha dini. Anachotakiwa ni kuchunga mipaka mitatu. Wa kwanza ni israfu, yaani kupita kiasi hata katika kilicho halali. Suratul-Furqaan, aya ya 67, imewasifu wanaotoa bila ya kufuja wala kufanya ubakhili, wakawa baina ya hayo. Wa pili ni kujionesha, pale lengo linapokuwa kumshinda jirani au kumfanya mgeni ajione duni. Wa tatu ni kuingia katika haramu kwa ajili ya pambo, na haramu iliyo karibu zaidi na sisi leo ni mkopo wa riba.

Katika Sahihi Muslim imo pia Hadithi ya Jabir (radhiya Allahu 'anhu) kuhusu matandiko: moja la mume, moja la mke, la tatu la mgeni, na la nne ni la shetani. Wanavyuoni wameeleza kuwa makusudio ni kile kinachozidi haja na kikawekwa kwa fahari tu. Na tazama vizuri: mgeni amehesabiwa katika haja. Sahani za wageni si israfu. Seti ya tatu ya sahani, isiyotolewa kabatini mwaka mzima, hiyo ndiyo ya kujiuliza.

Vyombo vya dhahabu, fedha na vyenye rangi ya dhahabu

Suala hili huulizwa sana, kwa sababu vijiko, sinia na vikombe vya rangi ya dhahabu vimejaa madukani. Kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu au fedha ni haramu kwa wanaume na wanawake, kwa Hadithi ya Hudhayfah (radhiya Allahu 'anhu) iliyopokewa na al-Bukhari na Muslim. Imam an-Nawawi, katika kitabu chake Minhaj at-Talibin kinachosomeshwa katika darsa za visiwa vyetu, ametaja kuwa kauli sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi'i ni kwamba hata kuviweka vyombo hivyo bila ya kuvitumia hakufai. Basi birika la fedha halisi halisalimiki na hukumu kwa kukaa kabatini kama pambo.

Ama chombo cha chuma au shaba kilichopakwa dhahabu, madhehebu hutazama wingi wa hiyo dhahabu. Ikiwa ni kidogo kiasi kwamba chombo kikiwekwa motoni hakitoki kitu, kauli sahihi zaidi ni kuwa kukitumia kunajuzu. Na vile vinavyouzwa kwa bei ya chini aghlabu ni rangi tu, havina dhahabu hata chembe, hivyo havina tatizo kwa upande huu. Shaba, vigae, kioo na mbao vyote ni halali, hata kikiwa kizuri namna gani. Kwa hiyo sinia ya shaba ya bibi iliyotupwa stoo ni halali, na ikisuguliwa kwa ndimu na chumvi, ikaoshwa na kufutwa ikauka, itang'aa kuliko chochote cha dukani.

Kuta, mapazia na picha

Al-Bukhari ametaja kisa cha Abu Ayyub al-Ansari (radhiya Allahu 'anhu), alipoalikwa na Ibn 'Umar (radhiya Allahu 'anhuma). Alipofika akaona ukuta umefunikwa kwa kitambaa. Ibn 'Umar akatoa udhuru kuwa wanawake wamewashinda katika jambo hilo. Abu Ayyub hakuukubali udhuru huo, akarudi bila ya kula. Pambo lililowekwa kwa ajili ya mgeni ndilo lililomwondoa mgeni.

Na katika Sahihi Muslim, Bibi 'Aisha (radhiya Allahu 'anha) alitundika kitambaa mlangoni. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akachukizwa, akakiondoa, akaeleza kuwa Allah Hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo. Bibi 'Aisha akakikata kitambaa kile, akashona mito miwili akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo. An-Nawawi ameeleza kuwa kufunika kuta kwa vitambaa ni makuruhu na si haramu, maadamu si hariri. Pazia la dirisha au mlango lina haja yake ya kusitiri na kuzuia jua, basi halimo katika lawama hiyo. Kinacholaumiwa ni kuuvisha ukuta usio na haja.

Satini nyingi inayouzwa madukani ni ya nyuzi za viwandani, si hariri. Hariri halisi ndiyo yenye hukumu yake: wanaume wamekatazwa kuivaa na kuikalia.

Picha za watu na wanyama zisitundikwe, kwa Hadithi sahihi kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye picha. Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitilafiana kuhusu picha za kamera, lakini kuzitundika ukutani kwa pambo kumekatazwa na wengi wao, na kuliepuka jambo hilo ni usalama. Mandhari ya bahari, miti, maua na nakshi haina neno. Ama aya za Qur'ani kugeuzwa pambo juu ya meza ya chakula, wanavyuoni wengi wamelichukia, kwa kuwa Qur'ani imeteremshwa isomwe na ifanyiwe kazi. Nakshi za majani na maumbo ya mistari, kama zile za milango yetu ya kale, zinatosha.

Meza au mkeka?

Wako wanaodhani chumba cha kulia hakiwi chumba mpaka kiwe na meza na viti sita. Anas (radhiya Allahu 'anhu) amesimulia kuwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) hakuwa akila juu ya meza iliyoinuliwa. Mpokezi Qatada alipoulizwa basi wakila juu ya nini, akajibu kuwa ni juu ya sufra, yaani kitandiko kinachotandazwa chini. Al-Bukhari ameipokea. Kula mezani ni halali, hakuna anayekuharamishia. Lakini Muislamu asiione haya sunna ya kula chini, wala asikope ili aiache.

Kwa nyumba nyingi za visiwani, kula chini pia ndiyo njia rahisi ya kupata chumba kizuri. Mkeka mpana wa ukindu wenye rangi, mito ya kuegemea iliyoshonwa kwa kitambaa cha aina moja, sufra safi katikati na sinia juu yake: hicho ni chumba kamili. Sinia moja hukusanya watu wanne au watano, na wakizidi, wanasogea. Viti sita havisogei.

Ukitaka meza, pima kwanza. Kila mlaji anahitaji kiasi cha sentimita 60 za ukingo wa meza, na nyuma ya kiti panatakiwa kama sentimita 90 ili mtu apite na sahani mkononi. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zina vyumba vyembamba, kwa sababu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Chumba chenye upana wa mita mbili na nusu kikiwekwa meza ya upana wa sentimita 75 hubakisha kama sentimita 87 kila upande. Kikiwekwa meza ya mita moja, wageni watapita kwa ubavu, na hata iwe ya bei gani, chumba kitaonekana stoo.

Anza na lisilogharimu

Kabla ya kununua chochote, toa kila kitu chumbani. Kisha rudisha kile tu kinachohusika na kula na kukaa. Baiskeli ya mtoto, ndoo, mabegi, pasi na makaratasi ya skuli vitafutiwe pahala pengine. Fahari ya chumba huanzia kwenye nafasi tupu. Jicho likikuta vitu ishirini visivyohusiana, hata kimoja kiwe cha thamani, halikioni.

Pili, osha. Madirisha, feni, swichi, miguu ya viti na pembe za dari zenye utando wa buibui. Siku moja ya kazi ya watoto wote hubadilisha chumba kuliko zulia jipya, na haigharimu ila sabuni.

Ukuta na rangi

Katika nyumba za zamani za Lamu, ukuta wa chumba cha ndani ulipambwa kwa zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu katika lipu ya chokaa, na ndani yake vikawekwa sahani na bakuli za kauri. Chumba kile kilikuwa na ukuta mweupe, kivuli na vyombo vichache, na mpaka leo watu hutoka mbali kuja kukitazama. Tunaweza kuiga njia hiyo: rangi chache, na kila chombo kiachiwe nafasi yake.

Chagua rangi mbili, zisizidi tatu. Nyeupe au rangi ya maziwa kwa ukuta, rangi ya mbao kwa samani na mkeka, na moja tu ya kuchangamsha, kama buluu ya bahari au kijani kibichi, kwa mito na sufra. Rangi ya dhahabu, ukiipenda, iwe kidogo sana: ukingo wa kioo au sinia moja. Ikizidi, chumba hugeuka ukumbi wa harusi uliosahauliwa kuvuliwa mapambo.

Kama nyumba yako ni ya mawe na chokaa, usiupake ukuta rangi ya mafuta ili ung'ae. Ukuta wa chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukizibwa, unyevu hubaki ndani, na rangi hubabuka baada ya misimu michache ya mvua. Chokaa ya kupaka ni rahisi, inafaa zaidi, na weupe wake una upole ambao rangi ya kopo haina. Nyumba za matofali ya saruji zinaweza kupakwa rangi ya maji ya kawaida.

Asiye na zidaka anaweza kumwita seremala amfungie rafu mbili fupi za mbao, apange sahani zake nzuri nne au tano, kila moja na nafasi yake. Si lazima ziwe za seti moja. Zikiwa za rangi zinazokubaliana, zinatosha.

Mwangaza na mapazia

Balbu nyeupe kali katikati ya dari hufanya chumba kionekane kama duka la dawa. Badilisha balbu ya pahala pa kulia uweke yenye mwanga wa manjano kidogo. Kwenye boksi lake utaona imeandikwa 2700K au 3000K, wakati zile kali huandikwa 6500K. Bei yake haitofautiani sana, na hakuna kitu kingine cha bei hiyo kinachobadilisha chumba kiasi hicho. Ukiwa na meza na taa ya kuning'inia, iteremshe mpaka iwe kiasi cha sentimita 75 hadi 90 juu ya meza. Kikapu cha ukindu kilichogeuzwa chini juu kinaweza kuwa kifuniko cha taa, ila tumia balbu ya LED isiyo na joto kubwa, na kisigusane nayo.

Pazia lifungwe juu karibu na dari, lishuke mpaka karibu na sakafu, hata kama dirisha ni dogo. Ukuta utaonekana mrefu na chumba kikubwa. Upana wa kitambaa uwe kama mara mbili ya upana wa dirisha ili pazia liwe na mikunjo, kwani pazia lililokazwa ndilo linaloonekana la kimaskini. Kitambaa chepesi cha pamba cha rangi moja, kikishonwa na fundi wa mtaani, kinapendeza kuliko pazia zito la maua makubwa.

Kioo kikubwa kimoja mkabala na dirisha huongeza mwanga wa mchana. Lakini wengi wetu chumba cha kulia ndicho pia chumba cha kuswalia. Basi kisiwekwe upande wa kibla. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliliondoa vazi lenye nakshi lililomshughulisha katika swala, na kioo kinashughulisha zaidi ya nakshi.

Samani: cha zamani kizuri kuliko kipya kibovu

Seti nyingi za bei ndogo hutengenezwa kwa mbao za unga uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye sura ya mbao. Kwa unyevu na chumvi ya hewa ya pwani, ukingo wake huvimba, karatasi hubanduka, na miguu ya chuma hushika kutu. Uzuri wake ni uzuri wa mkakasi. Meza kuukuu ya mvule, msaji au mfenesi, hata ikiwa imechubuka, ikipigwa msasa na kupakwa vanishi huishi miaka mingi. Uliza wanaohama na mafundi wa samani kabla ya kwenda dukani. Viti visivyofanana vikipakwa rangi moja na kuwekewa mito ya kitambaa kimoja huonekana seti.

Na kumbuka mito ya Bibi 'Aisha. Mapazia ya zamani yasiyofifia yote, kanga mpya zilizokaa sandukuni, vikoi: vyote hivyo ni mito na sufra zinazosubiri sindano.

Deni

Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya swala yake, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mwenye deni akizungumza husema uongo na akiahidi huvunja. Al-Bukhari na Muslim wameipokea. Mkopo wa riba kwa ajili ya meza haujuzu. Ama kununua dukani kwa malipo ya awamu, wanavyuoni wengi wameruhusu ikiwa bei moja imekubaliwa wakati wa kuuziana na haiongezeki mnunuzi akichelewa. Kukiwa na sharti la nyongeza kwa kuchelewa, hiyo ni riba, jiepushe nayo. Na hata ile ya halali, jiulize kwanza: ada ya watoto, dawa na nafaka ya mwezi vimekamilika? Matumizi ya wajibu kwa familia hutangulia pambo.

Lililo jepesi ni kupanga kazi kwa miezi. Mwezi huu usafi na chokaa. Unaofuata balbu na pazia. Baada yake mkeka na mito. Meza, ikihitajika, iwe ya mwisho. Mume na mke wakae waandike pamoja, ili mmoja asimlemee mwenziwe kwa jambo asiloliweza.

Mgeni haji kutazama kabati

Siku ya wageni, fukiza udi kabla hawajafika, kisha uuondoe chetezo wakati wa kula ili harufu ya chakula isikike. Weka asumini chache katika bakuli la maji katikati ya sufra. Andaa birika, beseni na taulo safi la kunawia, na mtoto mmoja apewe kazi ya kunawisha wakubwa kwanza. Hakuna samani inayompa mgeni heshima kama mtoto aliyesimama na birika kwa adabu.

Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa chakula cha wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Basi asiyeweza kubadilisha chochote mwaka huu asifunge mlango wake. Afagie, atandike mkeka alionao, na awaite watu wake. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hawakutaja viti.

Tunamuomba Allah Azibariki nyumba zetu na riziki zetu, Atukinge na israfu, ria na deni, na Azijaalie sufra zetu kuwa sababu ya kuunga udugu. Wallahu a'lam.